Bi Dhahabu Nyale na Volti Tano Zisizozidi

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Dhahabu Nyale anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Nuru, hapa mtaa wa Shika Adabu, kwa miaka thelathini na minne. Anaondoka akiwa Fundi Mkuu wa Maabara ya Kompyuta, cheo ambacho hakikuwepo alipoingia na ambacho, tukisema kweli, alijitungia mwenyewe, akakipiga chapa, akakibandika mlangoni. Utawala ulipotahamaki, cheo kilikuwa kimeshazoeleka.

Bi Dhahabu ni mzaliwa wa Mtopanga, Kisauni, na huko ndiko anakoishi mpaka leo. Kila siku ya kazi amekuwa akitoka bara ya kaskazini, anavuka daraja, anakata kisiwa kizima, anapanda feri, ndipo atufikie sisi wa bara ya kusini. Waliokuwa wakichelewa ni walimu wanaokaa nyuma ya uwanja wa chuo.

Aliajiriwa kupiga chapa. Mwaka huohuo wafadhili wakatuletea shehena ya kompyuta za nyumbani, zile za zamani ambazo mashine yote imo ndani ya kinanda chake. Unaichomeka kwenye televisheni, na programu unaisoma kutoka kwenye kaseti, kaseti ileile unayosikilizia taarabu. Leo wanafunzi wakiziona huuliza kinanda hiki kimekatwa kutoka kompyuta gani. Wakati ule zilikuwa ajabu, na watu walivua viatu kuingia chumba zilimowekwa.

Kila kompyuta ilikuja na pawasaplai yake, yaani lile dude linalochukua umeme wa ukutani na kuupunguza mpaka volti tano, kiasi ambacho mashine inaweza kukistahimili. Yale madude yalikuwa mazito kama tofali, na ndani yamemwagiwa gundi iliyoganda ikawa jiwe. Likiharibika halifunguki. Na ubaya wake ni kwamba likizeeka halifi kwa adabu. Badala ya kutoa volti tano hutoa sita, hutoa saba, na kompyuta iliyo mbele yake ndiyo inayokufa.

Haya yote Bi Dhahabu hakuyajua mwaka ule. Pawasaplai ya kwanza ilipozima, yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na funguo za chumba, alikwenda kwenye meza ya vifaa vya mitumba akanunua nyingine ambayo plagi yake iliingia sawasawa. Anasimulia mwenyewe kwa kila darasa jipya, na kila mwaka masimulizi yanaongezeka moshi. Plagi iliingia kama kidole puani. Taa ikawaka. Likasikika *tsss*, ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na kompyuta ya kwanza katika bara yote ya kusini ikafariki dunia kabla ya chai ya saa nne.

Mpiga chapa mwingine angerudi kwenye taipureta yake. Bi Dhahabu alilia, akafuta machozi, akaenda kuomba ruhusa ya kusoma ufundi wa elektroniki jioni. Akarudi na cheti, mita ya kupimia umeme, na kaulimbiu aliyoiandika kwa chaki juu ya mlango: KUINGIA SI KUFAA. Mkaguzi mmoja wa elimu aliisoma akadhani inawahusu wageni, akaondoka kwa hasira.

Tangu hapo hakuna chaja iliyoonja usalama chuoni. Ukimwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku ameshaigeuza chaja yako kusoma maandishi ya nyuma. Kwenye harusi ya mhasibu wetu, msema chochote alikatizwa katikati ya kumsifu bibi arusi kwa sababu Bi Dhahabu alikuwa chini ya meza, ndani ya gauni lake la sherehe, anagusa adapta ya spika kuona kama ina joto. Ilikuwa na joto. Ngoma zikasimama mpaka ikabadilishwa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye anafundisha ushonaji, aliwahi kuchomeka pasi katika soketi ya maabara mara moja tu. Yaliyosemwa siku hiyo hayafai kuandikwa katika jarida la wafanyakazi.

Hata hivyo, mkali huyu ana roho laini. Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, na kompyuta zile alizisafisha moja moja kwa mswaki na spirti, herufi baada ya herufi. Mwaka mmoja alifungua mashine iliyokuwa imegoma akakuta mjusi ametaga mayai juu ya vipuri vyake. Akaifunga tena, akaandika kikaratasi, "Mzazi, usisumbue," na darasa likatumia mashine nyingine mpaka watoto walipoanguliwa wakaenda zao.

Basi tuje kwenye kisa cha mwaka huu, ambacho ndicho hasa kilichotufanya tumwandikie wasifu mrefu kuliko kawaida.

Mwezi wa Januari Mkuu wa chuo, Bi Nyambura, alitangaza kwamba chumba cha kompyuta za zamani kitakuwa stoo ya viti vya plastiki. Bi Nyambura si mtu mbaya. Alikwenda kuzitazama mashine, akakuta hakuna hata moja inayowaka, kwa sababu mapawasaplai yote ya asili yalikuwa yamezeeka na Bi Dhahabu amekataa katakata kuyachomeka.

"Bi Dhahabu, kama haziwaki, tofauti yake na viti ni nini?" aliuliza Mkuu. "Viti angalau vinakaliwa."

"Nipe mpaka sherehe ya chuo ya mwezi wa Aprili," akasema Bi Dhahabu. "Zisipowaka siku hiyo, viti nitavibeba mimi mwenyewe kichwani."

Mkuu akakubali. Msako wa pawasaplai ukaanza.

Alianzia kwa Brian, kijana wa Changamwe mwenye kibanda cha vifaa vya umeme, mchangamfu, mwenye jibu kwa kila swali.

"Mama, chukua hii. Hii ni orijino."

"Orijino ya nani?"

"Orijino tu, mama."

"Mwanangu, orijino lazima iwe na mamake."

Bi Dhahabu akatoa mita, akatoa na balbu ya pikipiki anayotembea nayo ndani ya pochi, kwa sababu pawasaplai isiyobebeshwa mzigo husema uongo. Akapima bila balbu, akapima na balbu, akatikisa kichwa. "Ikiwa mikono mitupu inasema saba, ukiitwika mzigo inasema nne. Huyu hana msimamo. Lete mwingine."

Brian akaleta mwingine, na mwingine, na mwingine. Katika wiki ya pili akawa akimwona Bi Dhahabu kwa mbali anamwambia jirani yake aseme amekwenda msalani. Lakini mtu hupimwa na mwisho wake: ni Brian huyohuyo aliyempigia simu baadaye akamwambia, "Mama, leo nimeleta zenye mama na baba." Zilikuwa mpya, za volti tano, zimetoka kwa kampuni yenye jina na dhamana ya maandishi. Bi Dhahabu alizipima. Balbu ikawaka mchana kutwa kibandani mwa Brian na mshale wa mita haukutikisika. Siku hiyo Brian alinunuliwa soda.

Kwa Bi Dhahabu hilo halikutosha. Alitengeneza sanduku la chuma, akatia pawasaplai zote ndani, akaongeza fyuzi, kisha akaongeza kidude alichokiita mlinzi. Kazi ya mlinzi ni moja: volti zikizidi tano na ushei, anakata njia kabla kompyuta haijajua kuna nini. Sanduku lilikuwa na swichi nyekundu, taa mbili, na nyaya zinazoning'inia. Akalifunga kwa kanga, akalitia mkobani, akaenda kupanda feri.

Mnaweza kukisia. Pale penye ukaguzi wa mizigo, askari wa zamu aliona nyaya.

"Mama, samahani. Hii ni nini?"

"Mlinzi."

"Mlinzi wa nini?"

"Kama wewe tu, mwanangu. Anasimama mlangoni, kinachozidi hakipiti."

Askari, ambaye alikuwa anafanya kazi yake kama inavyotakiwa, alimwomba asogee pembeni na kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akauliza upya. Bi Dhahabu akafurahi. Miaka yote hii alikuwa hajawahi kupata wanafunzi wenye kusikiliza kwa makini namna ile. Akalifungua sanduku, akawaeleza volti ni nini, akawaonyesha fyuzi, akaomba soketi ili awawashie. Foleni nyuma yake ikawa ndefu mpaka mtu mmoja akapaza sauti, "Wallahi mama, tuhurumie, feri yaondoka!"

"Na iondoke salama," akajibu Bi Dhahabu bila kugeuka. "Mimi nafundisha usalama."

Alipita na feri ya tatu. Kesho yake yule askari wa kwanza alikuwa na chaja ya simu yake mkononi, anamsubiri aipime.

Mashine zikawaka. Lakini Bi Dhahabu alijua kompyuta ya zamani inayowaka bila la kufanya ni taa tu, na kwenye sherehe alitaka watu waone jambo. Jambo lenyewe lilikuwa kwenye kaseti moja iliyoandikwa BAO.

Programu ile iliandikwa na wanafunzi wake wawili wa darasa la jioni, Mzee Faki na Mzee Gona, wakati huo vijana wa bandarini, mmoja karani wa shehena, mwingine mwendesha winchi. Waliifundisha kompyuta kucheza bao. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na mpaka leo nyumba zao zinashirikiana ukuta mmoja hapa Shika Adabu. Jioni moja mwaka 1993 Gona akakaa kucheza na mashine huku Faki amesimama nyuma yake. Gona anasema alibakiza hatua moja aishinde. Skrini ikazima. Gona akageuka, akamwona Faki karibu na soketi, akasema umechomoa. Faki akaapa hakuchomoa. Wakanuniana. Waliendelea kununiana ukuta kwa ukuta, kila mmoja akijua mwenzake amepika nini, mpaka watoto wao wakakua, wakaoa, wakazaa.

Bi Dhahabu aliwaalika wote wawili. Kila mmoja alijibu kwamba mwenzake akiwepo, yeye hayupo. Basi akamwambia Mzee Faki kwamba Gona anaogopa kuja. Akamwambia Mzee Gona kwamba Faki anaogopa kuja. Siku ya sherehe walifika kabla ya viti kupangwa.

Chumba kilijaa. Mkuu Bi Nyambura alikaa mbele na wageni wa bodi. Kaseti ikapiga kelele zake za mbuzi na filimbi mpaka programu ikaingia, na kwenye skrini likatokea bao na kete zake. Mzee Gona akakaa kwenye kinanda. Kabla ya kugusa chochote akasema, bila kumtazama mtu:

"Huyo bwana asimame pale, mbali na ukuta. Mikono niione."

Mzee Faki akaenda kusimama katikati ya chumba, mikono ameinua juu kama aliyekamatwa. "Yatosha hapa, au nitoke nje kabisa?"

"Mkono wowote utakaosogelea soketi yangu," akasema Bi Dhahabu, "sitauliza ni wa nani."

Gona akacheza. Mashine ikaandika NAFIKIRI. Tukangoja. Wageni wakangoja. Mashine zile zina akili, lakini ni akili ya taratibu mno, nasi tulikuwa tumesahau. Feni iligeuka upande huu, ikageuka upande ule. NAFIKIRI. Mjumbe mmoja wa bodi akaanza kusinzia.

"Bado yafikiri," akasema Mzee Faki hatimaye, akiiambia dari.

"Uliiandika nzito," akasema Gona, akiiambia skrini.

"Mimi? Mahali pa kuhesabu kete paliandikwa na nani?"

"Pale pa kuhesabu ni pepesi. Uzito uko kwenye kuchagua shimo, na huko ulikuwa wewe."

"Basi nilichagua vizuri, ndiyo maana mashine ilikuwa ikikufunga."

Mashine ikacheza. Gona akajibu haraka. NAFIKIRI. Sasa walikuwa wameshaanza, na mashine ikawapa nafasi ndefu ya kuendelea. Wakabishana juu ya kete, kutoka kete wakaingia kwenye magoti, maana yote manne yanawauma. Faki alikuwa ameshashusha mikono na hakuna aliyemkumbusha. Akasogezewa kiti.

Mashine ikiwa bado inafikiri, Mzee Gona akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuona kwenye mazishi ya Kanze."

Kanze alikuwa mke wa Gona. Tulimzika mwaka juzi.

"Nilisimama nje ya ua," akasema Faki. "Nilidhani hutaki kuniona."

"Nilitaka."

Mzee Faki akatoa leso akajifuta uso, akasema chumba kina joto, ingawa feni ilikuwa inampiga yeye peke yake. Na sisi wa viti vya nyuma tukaona feni ile inapunguza mwendo, inapunguza, inasimama. Skrini ikazima. Taa zikazima. Umeme ulikuwa umekatika.

Bi Nyambura akashika kichwa. Watu wakaguna. Mzee Gona hakusogea. Alikuwa anaitazama feni.

"Faki," akasema. "Siku ile. Feni nayo ilisimama?"

"Nalikwambia feni ilisimama! Nalikwambia siku ileile! Nalikwambia ukutani wiki nzima!"

"Nilikuwa sikusikilizi."

"Najua hukunisikiliza, bwana wewe, umekaa miaka hunisikilizi!"

Gona akasimama, na wale wazee wawili wakakumbatiana palepale mbele ya meza, mmoja analia, mwingine anamgombeza anayelia. Bi Dhahabu alikuwa anaikimbilia soketi, kwa sababu umeme wetu ukirudi hurudi na hasira, lakini wazee walikuwa wameziba njia. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakumsukuma mtu. Alisimama, mikono kifuani, midomo inasema kitu ambacho huenda kilikuwa sala.

Umeme ukarudi kwa kishindo. Taa mbili za ukumbini zikapasuka. Mashine ya fotokopi ofisini ikatoa moshi na haijapona mpaka leo. Katika maabara likasikika *tak*, taa nyekundu ya sanduku ikawaka, na kila kompyuta ikabaki imezima kwa amani, mlinzi amekata njia. Bi Dhahabu akapima kwa mita, akapima tena, akaliwasha sanduku upya, na skrini zikafunguka moja baada ya nyingine kana kwamba hakuna lililotokea.

Chumba kililipuka kwa makofi. Yule mjumbe wa bodi akazinduka na kupiga makofi kuliko wote.

"Nilikuwa nimebakiza hatua moja niishinde," akasema Mzee Gona.

"Ulikuwa unafungwa vibaya sana," akasema Mzee Faki.

Hawajakubaliana. Wanakuja kila Jumamosi kuanza mchezo upya, na mpaka tunapokwenda mitamboni hakuna aliyeufikisha mwisho, kwa sababu mashine inafikiri na wao wana mengi ya kusemezana. Chumba kimebaki cha kompyuta. Bi Nyambura ameomba masanduku mengine kwa ajili ya ofisi yake, na viti vya plastiki vimepelekwa Idara ya Ushonaji bila idara hiyo kuulizwa.

Maabara inapokewa na Bi Lavender, mwalimu wetu wa elektroniki, aliyekaa na Bi Dhahabu tangu Februari akijifunza lile sanduku na kila tabia ya kila mashine. Tunamwombea subira, kwani ameshaanza kugeuza chaja za watu.

Bi Dhahabu, chuo kinakushukuru. Tunakushukuru kwa mashine ulizozifufua na kwa wanafunzi wako waliotawanyika kutoka Frere Town mpaka ng'ambo, wasiochomeka kitu bila kusoma maandishi ya nyuma. Tunakushukuru kwa nyumba zetu ambazo hazikuungua. Nenda Mtopanga ukapumzike miguu iliyovuka maji asubuhi na jioni kwa ajili yetu. Mungu akujaalie afya, usingizi mnono, na majirani wenye nyaya nzuri.

Zawadi yako imetoka Idara ya Ushonaji. Ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Tumeichagua kwa makusudi: haina plagi, haina waya, haina volti hata moja, ili hatimaye uwe na kitu nyumbani kisichokutia wasiwasi. Tumesikia kwamba umeshaanza kuulizia mota ya kuifungia. Tafadhali, dada yetu, walau mpaka mwezi ujao, kanyaga tu.

*Mishi Abdulaziz, Idara ya Ushonaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote*